Manifodi ya Bi Mkubwa

Alhamisi, 8 Mei

Baridi imeanza. Bi Mkubwa, gari langu, amekataa kuwaka mara mbili, ya tatu akawaka kwa kukohoa. Maji yamepungua tena kwenye rejeta. Papa Deo, fundi wa hapa uwanjani, ameinamia injini asubuhi nzima na tochi mdomoni. Jibu amelipata: manifodi imepasuka. Ile ya chuma, ya kiwandani, inayokaa chini ya kabureta na kugawa hewa na petroli kwa silinda zote nane. Ufa uko pale maji yanapopita. Haiungiki. Lazima nyingine.

Harusi ya Rehema ni tarehe thelathini na moja. Nimesema mbele ya watu kwamba nitampeleka mwanangu kwa mumewe kwa gari hili, na usukani nitaushika mimi. Sitameza maneno yangu kwa sababu ya kipande cha chuma.

Halafu mteja wa leo, niliyemshonea viti vya teksi, anauliza kama gari ni la marehemu mume wangu. Wote huuliza hivyo. Wanaona milango miwili, rangi ya chungwa, ekzosi mbili nene, wanatafuta mwanamume wa kumpa. Athumani, Mungu amrehemu, hakujua hata plagi zinakaa wapi. Gari nimelinunua mimi, baada ya eda, kwa sindano yangu. Jina la Bi Mkubwa wamelipachika wanawake wa hapa Doornfontein, Joburg, kwa sababu wanasema nalihudumia kuliko nilivyomhudumia mume. Waseme.

Jumamosi, 10 Mei

Papa Deo amerudi kutoka viwanja vya magari mabovu huko kusini na manifodi mbili za alumini, zote zimetumika. Kazibwaga juu ya meza yangu ya kukatia ngozi. Ngozi nyeupe. Nimepiga kelele. Hakusikia, alikuwa anazipangusa kama watoto waliotoka kuoga.

Moja ni fupi. Ndani ina ghorofa mbili: nusu ya silinda zinavuta juu, nusu zinavuta chini, kwa njia ndefu nyembamba. Ya pili ndefu, imesimama kama jogoo. Ndani ni chumba kimoja kikubwa, njia fupi na pana, kila silinda inajichotea.

Anataka ya pili. Hoja yake: Joburg iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ipewe mdomo mkubwa ipumue. Ile fupi, anasema, ni ya bazee, yaani wazee.

Mimi si fundi wa injini. Nashona viti. Lakini nimeliendesha gari hili kila siku, sokoni, kwa wateja Marshalltown, robot baada ya robot, hizi taa za barabarani. Najua liko wapi muda mwingi: chini, polepole, gia ya pili. Mrija mwembamba unavuta soda vizuri. Chukua bomba la maji ujaribu kunywea soda, uone utapata nini. Nimemwambia hivyo. Amecheka hadi akakaa. Deo ni fundi mzuri na tumegawana uwanja huu bila ugomvi tangu alipofika kutoka Bukavu, ila magari anayoyatengeneza huzungushwa kwenye viwanja vya mashindano Jumapili kwa moshi na makelele. Hayaendi sokoni.

Nataka fupi. Nimeshasema.

Jumanne, 13 Mei

Unga wa chapati umefanya kazi leo. Tumeikalisha kila manifodi juu ya injini bila kuifunga, kabureta juu yake, chujio la hewa juu ya kabureta, na juu ya chujio donge la unga. Kisha tunashusha boneti taratibu na kuliinua. Unga unasema nafasi imebaki kiasi gani. Kwa ile fupi donge limebaki nene kama kidole. Kwa ile ndefu boneti halikufika hata chini.

Papa Deo hakuona tatizo. Anasema boneti linakatwa shimo, chujio linatokeza nje, watu wanaona.

Boneti langu halikatwi. Nimeandika hapa ili nikisahau nijikumbushe.

Na niseme kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma: ile ndefu ni nzuri. Inang'aa. Nimeitazama zaidi ya mara moja.

Ijumaa, 16 Mei

Shemeji Hamza amefika kutoka Tanga. Mdogo wa Athumani. Yeye ndiye walii wa Rehema, wa kumwozesha, maana mtoto hana baba wala kaka. Kaja na koti zito, tende, na maneno.

Hajamaliza chai, anauliza nani atamwendesha bibi harusi. Nikasema mimi. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa jambo na mtoto. Mama hampeleki mwanawe, shemeji. Bibi harusi huenda na somo yake, kungwi wake, mama hubaki nyumbani. Usukani ataushika yeye.

Mila nazijua. Nilipopelekwa mimi, mama yangu alibaki nyuma ya pazia, Tanga, barabara ya kumi na mbili. Hadi anakufa alikuwa akinisimulia jinsi alivyosikia vigelegele vikienda, vikienda, vikapotelea mtaa wa pili. Hakuniona nikipanda. Hakuniona nikishuka. Alisimulia kama jambo la kawaida na mimi nililia kila mara.

Sitakaa nyuma ya pazia. Hii nyumba haina hata pazia la maana.

Jumapili, 18 Mei

Shemeji na Papa Deo wamekuwa marafiki. Mmoja anaongea Kiswahili cha Tanga, mwingine cha Bukavu kilichotiwa Kifaransa, lakini wakifika kwenye ile manifodi ndefu wanaelewana kama mapacha. Shemeji anataka gari la harusi lisikike mpaka Yeoville, ukweni, kabla halijafika. Nimewaacha. Nimekasirika na nina viti vya kumaliza.

Jumatatu, 19 Mei

Nimetoka kwa mteja Marshalltown, nakuta duara la chaki juu ya boneti. Duara zuri, limepimwa. Grainda imeshachomekwa kwenye umeme. Shemeji amesimama pembeni mikono nyuma, kama anayekagua ujenzi wa msikiti.

Nimepanda nikakaa juu ya duara, na kitambaa changu na sindano yangu. Nimeshona pale pale. Watu wa uwanja wakaja kutazama. Papa Deo akaniomba, mama, shuka, utapata baridi. Nikamwambia akitaka kukata aanze na mimi. Adhuhuri akachomoa grainda mwenyewe na kukunja waya.

Makalio yameganda. Sijutii hata kidogo.

Jumanne, 20 Mei

Leo shemeji kaongea kwa upole, na upole wake ndio mbaya. Anasema mtu akivunjiwa heshima kwenye jambo dogo, hajui kama moyo wake utakuwa radhi kwenye jambo kubwa. Maana yake Ijumaa ya tarehe thelathini, ndoa inapofungwa, siku moja kabla ya kumpeleka. Hakusema hatakaa kama walii. Alisema tutaona. Mtu mzima akisema tutaona kwenye harusi ya yatima anajua anachokisema. Hasira zilinipanda. Si woga. Labda na woga.

Rehema alikuwepo, macho kwenye simu. Mwanangu kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akiwa na hasira. Leo hakujibu kwa lugha yoyote. Hilo limeniuma kuliko maneno ya shemeji.

Basi nimetoa sharti. Jumapili tunapeleka vyombo vya bibi harusi Yeoville, kwenye nyumba ya mumewe mtarajiwa, Ramazani. Wafunge manifodi yao ndefu, boneti libaki nyumbani limeegemea ukuta. Shemeji aendeshe. Mimi nitatembea mbele na wanawake. Likipanda mlima wa Yeoville, bibi harusi atamwendesha yeye. Likishindwa, manifodi nachagua mimi na usukani ni wangu. Shemeji kakubali mbele ya Papa Deo na mbele ya Bi Mwanaidi, somo wa Rehema. Kakubali haraka mno, kama aliyeonyeshwa kitu cha bure.

Alhamisi, 22 Mei

Wamefunga. Limeunguruma, mabati ya uwanja yakatikisika. Papa Deo kalipeleka barabara kuu, karudi macho yanang'aa. Anasema lilivuta kama ndege. Naamini. Likiwa tupu, barabara ikiwa tupu, naamini kabisa.

Nimelala vibaya. Nikishindwa Jumapili nimeshindwa kwa ulimi wangu mwenyewe.

Jumapili, 25 Mei

Niandike kabla sijapoa.

Vyombo vilijaa kiti cha nyuma na buti: sufuria, godoro limekunjwa, mikeka, birika, seti ya vikombe. Matarumbeta walikaa kwenye bakkie, pikapu ya wazi, nyuma ya gari, vijana Wakongo wa kanisa fulani, wanapiga hata nyimbo zetu. Wanawake mbele. Tulitoka Doornfontein kwa nderemo. Bi Mwanaidi alikuwa mbele kabisa, anacheza kwa mwendo wake, na mwendo wa Bi Mwanaidi unajulikana: hatua, nyonga, hatua, nyonga, simama kidogo, tena.

Tambarare lilikwenda kwa kurukaruka. Mlima ulipoanza likaanza kukohoa. Shemeji akabonyeza mafuta lisizime. Likanguruma, wanawake wakaziba masikio wakakimbia mbele. Wakapata nafasi, wakaanza kucheza upya. Yeye akawafikia, akashika klachi, mngurumo ukazama, akabonyeza tena. Moshi mweusi. Harufu ya petroli mbichi, halafu harufu ya klachi inaungua, ile ninayoijua kama harufu ya maziwa yaliyomwagikia jiko. Klachi yangu. Kisha likazima. Katikati ya mlima. Akaliwasha na kuliwasha hadi betri ikaanza kulalamika.

Teksi zikajipanga nyuma zikipiga honi. Dereva mmoja alishuka, akatazama injini iliyo wazi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasaidia kusukuma pembeni.

Wanawake hawakungoja mtu. Walifungua milango, wakatoa sufuria, godoro, birika, wakatwika kichwani, wakapanda na vyombo kwa miguu hadi Yeoville huku wanaimba. Nilibeba mikeka. Ukweni walitupokea kwa shangwe, wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Nilifurahi. Nikaona haya kwa kufurahi. Bi Mkubwa amebaki kando ya barabara kifua wazi, watu wanampiga picha. Shemeji amekaa ndani yake hakutaka kushuka.

Jumatatu, 26 Mei

Papa Deo kaja mapema. Hakucheka. Alizungusha spana mkononi, halafu akasema:

"Mama Rehema, kule kwetu convoi ya harusi inakimbiaka. Klaksoni, mataa, bote mbio. Sikujua gari itafwata miguu ya bamama."

Wiki mbili tumebishana juu ya hewa, mlima, soda na mirija, na sikumwambia hata mara moja kwamba kwetu gari la bibi harusi haliendi kwa mwendo wa gari. Linakwenda kwa mwendo wa wanawake wanaocheza mbele yake, na hakuna dereva duniani anayeruhusiwa kuwaharakisha. Niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua. Yeye naye aliona kila mtu anajua kwamba harusi ni mbio. Kosa tumegawana nusu kwa nusu. Nimemwambia hivyo, akashukuru.

Manifodi yake haikuwa mbovu. Ilikuwa ya harusi ya Bukavu.

Na shemeji? Shemeji alikuwa kwenye msafara wa harusi yangu Tanga. Yeye alijua. Alitaka makelele tu.

Jumatano, 28 Mei

Siku nzima chini ya boneti. Fupi imekaa. Gaskiti mpya, mipira ya maji imefungwa, bolti zimekazwa kuanzia katikati kwenda nje kama inavyotakiwa, na klachi imerekebishwa. Kabureta Papa Deo ameipunguzia petroli kwa sababu ya hii hewa nyepesi ya hapa. Hapo alinifundisha, mimi ningeiacha ilivyo. Limewaka mara ya pili. Linanguruma pale pale, chini, bila kutikisika. Nimefunga boneti mwenyewe, na chaki nimeifuta kwa kitambaa chenye maji.

Nimelipandisha mlima peke yangu gia ya kwanza, mguu ukiwa haugusi mafuta kabisa. Limepanda.

Alhamisi, 29 Mei

Shemeji kageuka. Kakubali manifodi. Usukani, anasema, haukuwa sehemu ya mchezo, mila haiwekwi rehani kwa ajili ya mlima. Nikamkumbusha mashahidi. Akasema mashahidi ni mwanamke mmoja na Mkongo mmoja. Bi Mwanaidi alikuwa jikoni anasikia. Sijawahi kuona mtu akikata vitunguu kwa nguvu vile.

Nilikuwa na maneno tayari, mabaya, ya kutosha kuvunja harusi mbili. Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa la kwanza Rehema akatoka chumbani na hina mkononi haijakauka, mikono kaiinua juu kama anayekamatwa na polisi. Akasimama mbele ya baba yake mdogo. Akapiga goti, akasema kwa Kiswahili, akitafuta kila neno:

"Ba'mdogo, shikamoo. Kesho wewe unanipa kwa Ramazani. Mimi nashukuru sana. Jumamosi mimi naenda na Mama. Kama si Mama, mimi sitoki nyumbani."

Kisu cha Bi Mwanaidi kilisimama.

Shemeji alimtazama kwa muda mrefu. Rehema ana paji la uso la Athumani, nadhani alimwona kaka yake. Akaitikia marahaba. Akasema basi, kama ni kauli ya mwenyewe bibi harusi, yeye hana neno. Akaomba chai.

Kumbe siku zote hizi hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Hata mimi sikumuuliza. Nilimpigania kama anayepigania kiwanja.

Ijumaa, 30 Mei

Ndoa imefungwa baada ya swala. Shemeji alikaa kama walii, alivaa vizuri, sauti haikutetereka. Wanasema alifuta machozi. Nimempelekea sahani ya kwanza ya pilau kwa mkono wangu. Tumeongea habari za Tanga, mvua, nani kafa. Bado nina hasira naye. Pilau ni pilau.

Jumamosi, 31 Mei

Nimempeleka.

Rehema nyuma na Bi Mwanaidi kando yake. Mbele wanawake. Nyuma matarumbeta. Shemeji alitembea pembeni ya gari akiwazuia watu wa teksi kwa mkono, kama trafiki, na kazi hiyo alikuwa anaiweza. Papa Deo alikuwa upande wa pili, sikio karibu na boneti.

Mlima wote gia ya kwanza. Wakisimama, nasimama. Wakicheza, naachia klachi kidogo, linasogea. Geji ya joto ilipanda, ikafika pale pa kutisha, ikakaa hapo hapo. Nilitokwa na jasho na baridi yote hii. Wanawake walijua wanachofanya, siku hiyo walicheza polepole kuliko harusi yoyote niliyoiona, wakigeuka kunitazama na kunikonyeza. Walitaka kuona kama litazima. Halikuzima.

Tulipofika Yeoville akina mama wa saluni walitoka nje na vitana mikononi. Mama yake Ramazani alifungua mlango mwenyewe. Rehema akashuka, khanga imefunika kichwa, Bi Mwanaidi kamshika. Wakaingia ndani.

Mimi sikuingia. Hapo mila niliiacha ilivyo.

Jambo moja. Barabara nzima sikumwona Rehema. Nilikuwa natazama migongo ya wanawake, geji, na miguu yangu. Nilipigania usukani wiki mbili nzima, na mwenye usukani humpa abiria wake kisogo. Aliweka mkono begani mwangu mwanzo wa mlima na hakuutoa mpaka juu. Sikugeuka. Ningegeuka lingezima.

Jumapili, 1 Juni

Nimeamka alfajiri kama kawaida. Nyumba kimya. Shemeji amelala, anaondoka kesho, Papa Deo ameahidi kumpeleka uwanja wa ndege. Nimekunywa chai nimesimama.

Rehema amepiga simu. Bibi harusi hapigi simu siku ya kwanza, nimemwambia. Ameuliza kama gari lilichemka. Hajawahi hata siku moja kuuliza habari za gari hili. Nikasema halikuchemka. Nikamsikia anapumua.

Kisha akasema, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, fungate ikiisha nije kumchukua na Bi Mkubwa, twende mahali, popote. Lakini ataendesha yeye. Mimi nikae kando.

Nimemwambia klachi ya gari hili haijui. Akasema nitamfundisha. Nikasema tutaona.

Nimeshuka uwanjani. Sikuwa na kazi ya kufanya. Nimelifuta vumbi gari, nikafungua mlango, nikakisogeza kiti cha dereva mbele kidogo. Miguu yake ni mifupi kuliko yangu.